Sanda ya Hajati Mubaraka

Mama yangu, Hajati Mubaraka, si mtu wa kutupa kitu. Kopo la maziwa likiisha linawekwa chumvi, gauni likichakaa linakuwa dekio. Baba alipofariki, Mama alianza kuuza sambusa sokoni Nakawa, akatulea mimi na kaka yangu Yasiin. Sasa nyumba yetu ya Mengo ilikuwa imejaa hadi paka hana pa kulala. Mwaka huu nikasema basi! Ramadhani hainikuti humu. Tunatoa, tunagawa.

Mama alikaa mkekani akaamua: hiki kiende, hiki kibaki. Wallahi alinishangaza, maana hata birika zake za harusi alizitoa. Kitu kimoja tu alikataza.

"Kile kifurushi cheupe juu ya sanduku, msikiguse."

Yasiin naye? Sikio la kufa halisikii dawa. Alikitia pamoja na mashuka, akapeleka vyote kwenye nyumba ya watoto yatima.

Baada ya Alasiri Mama akaniita. "Sumayiya, sanda yangu iko wapi?"

Nikatazama juu ya sanduku: kile kifurushi cheupe hakipo. Sanda ile aliinunua Maka alipokwenda kuhiji, akaifua kwa maji ya Zamzam, na kila mwaka huifukiza udi. Baba alizikwa kwa sanda ya michango, na jambo hilo halijawahi kumtoka Mama moyoni. Husema, "Nimeishi kwa kuungaunga. Nizikwe kwa changu."

Usiku huo hakula. Yasiin nilimsema mpaka nikamwonea huruma.

Asubuhi tukaenda wote watatu. Mlezi, msichana anayeitwa Anena, alisikiliza, kisha akashika mdomo.

"Banange! Jamani, Hajati! Tumeshaikata. Jana tuliletewa watoto wachanga, na hatukuwa na kitambaa kisafi cha kuwafunika."

Akamleta mmoja. Kitoto kidogo, kimefungwa ndani ya sanda ya mama yangu, kimelala fofofo. Mama akakipokea. Akainusa nguo, udi bado upo. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Mara akashtuka. Kitoto kilikuwa kimemkojolea, nguo yote chapachapa.

"Hee! Miaka yote hii nimeitunza isipate hata doa," akasema, "na wewe jana tu umefika!"

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Akamfungua mtoto, akamfuta, akaomba kipande kingine cha sanda ileile, akamvika mwenyewe.

Tulipotoka, Yasiin akaanza kulia, mwanamume mzima. "Mama, nisamehe. Kesho nakununulia nyingine."

"Hununui kitu. Nimesema nizikwe kwa changu. Nitakaanga sambusa, nitaweka akiba, nitainunua mwenyewe." Akajifunga ushungi vizuri. "Ila sasa hivi sina nguo ya kuondokea duniani, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaweka polepole."

Nikamshika mkono.

"Polepole sana, Mama," nikamwambia.