Askofu Mteule Juu ya Kigoda

Kama kuna mtu aliyejua kulea hasira mpaka ikawa mtu mzima, ni yule fundi wa majoho. Watu walimwita Mama Majoho. Hakuna mchungaji pale mjini aliyepanda madhabahuni bila kazi ya mikono yake mgongoni: majoho meusi, kanzu nyeupe, stola za rangi zote za mwaka wa kanisa, na sare za kwaya zisizokwisha kubadilishwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja mkabala na lango la kanisa. Mlikuwa na vyerehani viwili, kioo kirefu, pasi, benchi la wateja na kigoda cha kumsimamisha anayepimwa pindo. Cherehani cha pili alikikalia binti yake, mwanamke mzima sasa, mpole wa sura na mkali wa mkasi.

Kila alichokuwa nacho alipewa na kanisa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wageni waliokuja zamani na Biblia mkono mmoja na cherehani mkono wa pili waliwafundisha bibi zake kusoma na kujifunika, wakaacha darasa la ushonaji ambako yeye naye alishika sindano. Kanisani alijifunza herufi. Kanisani alijifunza kuimba kwa nota, na usichanani mwake ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Hata walevi walisimama dirishani kumsikiliza, wakaenda zao wamenyooka kidogo. Na ni humo humo kanisani, nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo, mwalimu wa kwaya alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akapata mimba.

Mwalimu huyo alikuwa kijana aliyekwisha kupata nafasi ya chuo cha uchungaji. Alimwomba kwa machozi.

"Usinitaje, nakusihi. Wakijua, chuo ndio basi tena. Nikirudi nakuoa mbele ya macho yao wote."

Naye kwa ujinga wa mapenzi akakaa kimya kama maji mtungini.

Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake kwa walioanguka. Ulitolewa kwenye kwaya, ukanyimwa meza ya Bwana, ukakalishwa benchi la nyuma, na wazee waliporidhika wakakusimamisha mbele ya usharika wakuulize. Alisimamishwa akiwa na mtoto mgongoni. Umetenda nini? Wapi? Mara ngapi? Unajuta? Alijibu yote, sauti ile iliyosifiwa ikitetemeka, na watoto wa shule ya Jumapili wakichekea viganjani. Alipoulizwa "Na nani?" alinyamaza, na kwa kunyamaza huko wakamrudisha benchi la nyuma mpaka Pasaka iliyofuata. Ndipo usharika ukaulizwa kama unampokea, na mikono ikapanda kivivu, mingine ikiishia begani. Hakuna mwanamume aliyewahi kusimama pale. Sijui mimba zile zote zilikuwa zinaletwa na upepo!

Mwalimu alirudi na kola nyeupe shingoni, na mke ubavuni. Walipokutana langoni alimwambia, "Bwana asifiwe, dada," kisha akaingia mitini kwenye usharika wa mbali. Mama Majoho hakulia, wala hakumwambia mtu. Alishona. Alijua kwamba mtu anayezipanda ngazi zile kwa kasi ile siku moja angehitaji joho kubwa, na mafundi wa majoho makubwa walikuwa wa kuhesabika. Hakutaka pesa yake wala pole yake. Alitaka kitu kimoja tu: yule bwana asimame mbele za watu, aulizwe yale yale, ajibu.

Jirani alipoleta habari kwamba yule bwana amechaguliwa kuwa askofu, Mama Majoho alicheka mpaka binti yake akazima pasi.

"Mama, kwani umechaguliwa wewe?"

"Karibu na hapo, mwanangu."

Askofu mteule alikuja kujaribu joho siku mbili kabla ya kuwekwa wakfu, akiwa na mkewe. Benchini aliwakuta wanawake wa umoja wa kanisa. Mama Majoho ndiye aliyewaita wafuate sare zao, na saa aliichagua yeye. Mkewe akasogezewa kiti na soda. Yule bwana alijifanya hamnazo kabisa.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, Baba Askofu. Panda kigodani, unyooshe mikono."

Fundi mwenye adabu hugeuza ncha za pini nje. Siku hiyo Mama Majoho alizigeuza ndani, kuanzia kwapani hadi kiunoni, mikononi, na chini ya kola.

"Mama, inachoma."

"Usitikisike. Ukitulia haichomi."

Akarudi nyuma, akajitundika futi shingoni, akaunganisha mikono kama mzee wa kanisa.

"Umetenda nini?"

"Unasemaje?"

"Ni swali la kwanza hilo, Mwalimu. Umetenda nini?"

Aliposikia "Mwalimu" uso ulimshuka. Akainua mkono ajivue, pini zikamwingia, akaushusha akigugumia.

"Nivue hili joho!"

"Nitakuvua ukimaliza kujibu. Ukiwa na haraka, lichane, upite nalo barabarani vipande vipande. Keshokutwa maaskofu wenzako wanakuja kukuwekea mikono, sijui watakukuta umevaa nini."

"Hayo Mungu alishasamehe."

"Sijamuuliza Mungu. Nimekuuliza wewe."

Mkewe aliweka chupa chini. "Baba, huyu mama anazungumza nini?"

Yule bwana alitazama mlango, akatazama benchi lililojaa macho. Alikuwa ameshikwa pabaya.

"Nilizini," alinong'ona.

"Sauti, Mwalimu. Si wewe uliyekuwa unatuambia tuimbe mpaka wa nyuma wasikie?"

"Nilizini!"

"Wapi?"

"Kanisani. Nyuma ya kabati la vitabu."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi walinihesabisha. Unajuta?"

"Najuta."

"Na nani?"

Akalitaja jina lake la ubatizo, jina ambalo mjini hapo hakuna aliyekuwa akilitumia tena. Mwanamke mmoja benchini aliziba mdomo kwa mkono. Utamu uliomshuka Mama Majoho rohoni wakati ule haukuwa wa Kikristo hata kidogo, na hakuuonea haya. Angeweza kuunywa siku nzima. Akaongeza swali ambalo wazee hawakuwa nalo.

"Na nini kilizaliwa?"

Yule bwana aligeuza macho kwenye cherehani cha pili. Hakikuwa kikilia tena.

"Usharika," alisema Mama Majoho, akiwageukia wanawake, "mnampokea?"

Wanawake walitazama magoti yao. Hakuna mkono uliopanda. Mke wa askofu mteule alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumtazama mumewe wala kufunga mlango.

Binti aliinuka. Alikwenda kigodani, akaanza kuchomoa pini moja moja, kwa utaratibu, asije akamchoma. Alipomaliza alimvua joho, akalikunja, akalilaza juu ya meza.

"Shuka, mzee. Nenda."

Yule bwana alifungua kinywa aseme neno. Alipoona binti anamtazama begani tu, si usoni, alikifunga akatoka. Wanawake nao wakaanza kukusanya sare zao.

"Umemwona?" Mama Majoho alisema, machozi ya furaha yakimlenga. "Mwanangu, umemwona alivyo?"

"Nimemwona. Uliniambia alikufa."

"Mwanangu..."

"Ulinipeleka nyuma ya kanisa, ukanionyesha kaburi lisilo na jina. Nimelipalilia tangu utotoni, mama. Nimepiga magoti pale nikaongea na maiti ya mtu nisiyemjua, na wewe umesimama kando umenishikia maua."

"Nilikuwa nakulinda. Ningemtaja vipi na wewe ungali mdogo?"

"Na nilipokua? Leo umewaita hawa wote waje wasikie baba yangu ni nani. Mimi hukuniita. Ulinisahau hapo kwenye cherehani kama kitambaa cha mteja."

Binti aliwageukia wanawake waliokuwa mlangoni.

"Akina mama, msiondoke kwanza. Rudini mkae." Akakisogeza kigoda kwa mguu mpaka katikati ya chumba. "Panda, mama. Nina maswali."

Mama Majoho akapanda.