Oringi ya Muda

Fundi Baltazari wa Malangali hakuwa mtu wa vipimo. Alikuwa mtu wa sikio. Ukimletea gari anakwambia uliwashe, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaibana kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Halafu anatamka. Akishatamka, imetoka hiyo. Kwa miaka thelathini na mbili watu wa Sumbawanga walimwita Sikio, na tusifichane, jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Jumatatu moja Malimi alimletea pikapu ya buluu kutoka Mpui. Malimi ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, mkulima wa mahindi, maneno yake ya kuhesabika. Injini ilikuwa inagonga ti-ti-ti-ti kama cherehani. Baltazari akaweka bisibisi, akafumba macho, akatamka.

"Imekufa hii. Tafuta injini nyingine."

"Mzee, hakuna namna kweli?"

"Malimi, nimesikiliza."

Malimi akaondoka kichwa chini. Kitu pekee alichoweza kukigeuza injini kilikuwa Polisi na Kifaru, maksai wake wawili wa jembe. Na huo ulikuwa mwezi wa Novemba, mawingu yameshaanza kujikusanya! Kuuza maksai wakati kama huo ni kula mbegu. Lakini Sikio amesema, nani wa kubisha? Mnada ulikuwa Alhamisi.

Wa kubisha alikuwepo. Evodia, binti wa kaka yake Baltazari, mama wa watoto wawili na fundi mwenye cheti chake katika gereji hiyohiyo, hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Baba mdogo, Malimi anasema akizidisha oili, kelele inapotea. Tangu lini maiti akafufuka kwa oili? Injini hii inanyonya hewa. Oringi imekwisha."

Maana yake ni hii. Chini ya injini kuna sampo, yaani karai la oili, na humo limezama bomba linalonyonya oili kuipeleka kwenye pampu. Pale bomba linapoungana na pampu kuna oringi, kipete cha mpira kisichozidi pete ya ndoa. Kikichoka, pampu inavuta oili na hewa, na kule juu tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, zinapata mapovu badala ya oili. Ndipo zinapoanza kulia, mpaka oili izidishwe ikifunike hicho kiungo.

"Wewe umesoma," Baltazari akamjibu, "mimi nimesikia." Akaenda zake kula.

Alhamisi asubuhi, mzee akiwa na chai yake ya maziwa mkononi, Evodia alijilaza chini ya ile pikapu na kufungua sampo bila kumuuliza mtu.

"Baba mdogo! Hebu njoo uone maajabu."

Alikuwa ameshika lile bomba. Kwa ncha ya msumari akachokonoa kwenye kiungo chake, kikatoka kitu cha kijani, kimepasuka pasuka, kigumu kama gamba.

"Hii si ya dukani," Evodia akasema. "Mtu amekata mpira kwa kisu."

Baltazari akawaka. "Mjinga gani huyu? Fundi mwenye akili timamu anatia takataka kwenye gari la mtu? Ndio hawa wanaotuharibia jina! Wallahi ningemjua, ningemnywesha hiyo oili yote!"

Akaendelea hivyo, mate yanaruka, mpaka akakitazama tena kile kipete. Kijani. Akageuza macho ukutani.

Ukutani mwa gereji, miaka nenda rudi, lilikuwa limetundikwa buti moja la mvua, la kijani, lisilo na mwenzake. Humo alikuwa anachomeka brashi. Shingoni mwake lilikuwa na tundu la mviringo ambalo hakuna aliyewahi kuliulizia. Evodia akafuata macho ya mzee, akalitundua, akakipachika kile kipete kwenye tundu.

Kikakaa barabara.

"Yesu na Maria!" Baltazari akasema, akakaa juu ya tairi. Chai yote ilimwagika na hakujua.

Miaka kumi na moja nyuma. Njia ya kutoka Kipili, kule ziwani, jua la mchana, pikapu nyeupe ya mchuuzi wa samaki aitwaye Urbano imegoma, samaki wanaanza kunuka. Spea hakuna. Baltazari akavua buti, akakata kipande, akachonga kipete, gari likaondoka. Alijiona bingwa siku ile! "Ya muda tu, Urbano. Kesho uje nikuwekee ya kweli." Urbano hakuja. Gari likauzwa, likapakwa rangi ya buluu, na Baltazari akasahau kabisa.

"Baba mdogo," Evodia akasema polepole, "leo si Alhamisi?"

Mama yangu, mnada! Akapiga simu ya Malimi, haipatikani. Akapiga tena. Akaruka juu ya bodaboda hata kofia hajachukua, Evodia akabaki kutafuta oringi ya dukani.

Alimkuta Malimi mnadani, amesimama na kamba moja mkononi. Kifaru alikuwa kwenye hiyo kamba, analia. Polisi alikuwa ameshapakiwa kwenye lori, na lori limeshaondoka.

"Usiuze!" Baltazari alipiga kelele, mnada mzima ukageuka. "Injini yako nzima, Malimi! Ni oringi tu. Na hiyo oringi niliikata mimi, kwa mikono yangu, kwenye buti langu. Nikasema ni ya muda. Nikasahau. Nimesikiliza kosa langu mwenyewe, nikakwambia ni kifo."

Mtu mmoja akacheka. Malimi alimkodolea macho kama hajaelewa lugha, kisha akaiangalia kamba.

"Jembe la maksai halivutwi na mmoja, mzee," akasema, akaondoka na Kifaru.

Baltazari hakulala. Mkewe Luciana alimwambia mara moja tu, "Unajua la kufanya."

Jumamosi Malimi alikuwa uani kwake Mpui, amewapa mgongo waliokuja, aliposhtuliwa na honi. Aligeuka akaruka. Pikapu ya buluu ilikuwa imefika mpaka nyuma yake, inanguruma chinichini tu, hakuna cha ti-ti-ti. Evodia alikuwa kwenye usukani, anacheka.

Juu ya bodi ya pikapu alisimama maksai mwekundu, mwenye pembe pana: wa Baltazari mwenyewe, aliyekuwa akilimia shamba lake la Malangali. Mzee alikuwa pembeni yake, ameikumbatia shingo yake.

Malimi alizunguka gari lote. Akamshika yule maksai pembe, akamtazama Baltazari.

"Na huyu, mzee, ni wa muda?"

Baltazari akashindwa kumtazama. Akaifungua kamba, akamkabidhi.

"Hapana, Malimi. Huyu ni wako."