Bi Kipaza na wimbo ulioshushwa kwa siri

Saa nne asubuhi, ndani ya ghala lililo nyuma ya gereji, Bi Kipaza amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Binti yake, fundi cherehani, anamzunguka na pini mdomoni. Gauni la rangi ya dhahabu alilovaa mama kwenye onyesho lake la mwisho linafumuliwa ubavuni.

"Usinibane, mwanangu. Nataka kuimba, sitaki kuzimia."

Bendi inacheka. Jina la Kipaza alipewa na mashabiki enzi zile, maana hata umeme ukikatika, ukumbi mzima ulimsikia. Sasa ana miaka sitini na mmoja. Jumamosi hii anaanza ziara ya miji minane, baada ya kimya cha miaka kumi na miwili.

Alinyamaza baada ya mumewe, mpiga gitaa wa bendi, kufariki. Akafungua duka la vitambaa, akawa anaimbia kaunta. "Wateja walinitaka nipunguze bei, siyo niimbe," anasema, na kucheka mwenyewe.

Kilichomrudisha ni wimbo aliotungiwa na mumewe walipokuwa wachumba. Kiitikio chake kinapanda juu, kinapanda tena, mpaka msikilizaji anabana pumzi. Bi Kipaza alimpa mwandaaji wa ziara sharti moja tu: sauti yake isipofika pale juu, hakuna ziara.

"Mume wangu ndiye aliyeuweka pale," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nikiushusha nitajiona nimemwacha njiani."

Wiki ya kwanza ya mazoezi ilikuwa balaa. Sauti ilipanda, ikafika katikati, ikakwama. Wiki ya pili, maajabu! Ikafika bila jasho. Bi Kipaza akashinda akiringa ghalani, akiisifia chupa yake ya maji ya moto utadhani ina dawa.

Leo mpiga tarumbeta, aliyejiunga na bendi jana tu, anauliza kwa nia njema kabisa: "Huu tunaupiga chini kama jana, au tunaurudisha juu, kwenye ufunguo wake wa asili?"

Bendi nzima inatazama viatu.

"Chini wapi?" anauliza Bi Kipaza.

Mpiga kinanda, mdogo wa marehemu, anakohoa. Kinanda chake cha umeme kina kibonye kinachoshusha wimbo mzima, vidole vikibaki palepale, na tangu wiki ya pili amekuwa akikibonyeza. Wapiga magitaa nao walikuwa wakilegeza nyuzi kabla mwimbaji hajaingia.

"Shemeji, umenichezea?"

"Nimekuchezea, shemeji. Nisamehe. Wiki ile ya kwanza nilikuona unalia garini, nikashindwa kuvumilia."

"Kumbe sijafika popote! Mpigieni mwandaaji. Hakuna ziara."

Anajibwaga juu ya boksi la spika. Hakuna anayethubutu kumsogelea isipokuwa binti, ambaye hajamaliza mshono.

"Mama, simama nimalizie."

"Umalizie nini, na mimi siendi?"

"Gauni hili si baba ndiye aliyekununulia? Hii mara ya pili nalipanua, na sijakusikia ukisema umemwacha njiani."

Bi Kipaza anainamisha kichwa. Anajitazama kiunoni, pale pini zilipojipanga. Kisha kicheko kinamtoka, kikubwa, mpaka mafundi wa gereji wanachungulia mlangoni.

"Mtoto huyu ana mdomo, jamani! Kaurithi kwa nani?"

"Kwako!" linajibu ghala zima.

Anasimama, anajifuta macho kwa kiganja. Shemeji anaambiwa asijidanganye, kesi yake bado ipo. Wimbo nao, ziara ikiisha, utarekodiwa upya kwa sauti ya leo.

"Jumamosi nitawaambia watu kabla sijaanza," anasema. "Wimbo umeshuka, na aliyeushusha ni mimi. Anayeutaka wa zamani, kanda anayo nyumbani."

Anakwenda kusimama nyuma ya kinanda, karibu kabisa na bega la shemeji yake.

"Haya, bonyeza. Ila safari hii nikikuona."