Kompresa Yangu kwenye Barabara ya Fizi

Mtu mwenye kompresa yake hazibi tundu. Hilo nilijifunza kwa vitendo, ingawa kazi yangu ni kufundisha wengine. Niliinunua Uvira, ndogo, ya kutia matairi upepo, ya kubebwa mkononi, pamoja na waya wa mita tatu hivi. Ncha moja ya waya ilikuwa ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari. Kwenye kifuko kulikuwa pia na vibanio viwili, chekundu na cheusi, kwa ajili ya kubana moja kwa moja kwenye batri. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilihitaji gari, na mimi sikuwa na gari. Nilikuwa na pikipiki.

Pine ya nyuma ya pikipiki hiyo, yaani tairi, ilikuwa inavuja polepole. Mtengeneza pine wa karibu na soko la Baraka aliiona akatikisa kichwa. “Mwalimu, leta tuzibe hii kitu. Iko na tundu kidogo tu, haitakamata hata nusu saa.” Nilimcheka moyoni. Yeye alikuwa na pampu ya mguu na kopo la gundi, mimi nina mashine. Kwa nini nimpe mtu nusu saa yangu wakati naweza kujaza upepo kila asubuhi kwa dakika tano?

Dakika tano hizo, bila shaka, zilitanguliwa na saa nzima ya kutafuta gari. Kwa muda wa miezi miwili nikayafahamu magari ya Baraka kwa namna ambayo wenyewe hawakuyafahamu. Pikapu ya parokia ilikuwa na umeme mzuri, lakini tundu lake la sigara lilikuwa limejaa maganda ya karanga. Teksi ya jirani yangu ilitoa umeme pale tu dereva alipokanyaga mafuta, kwa hiyo ilibidi akae ananguruma mlangoni kwangu mpaka nimalize, na watoto wa mtaa wote wanaamka. Gari la muuza samaki halikuwa na tundu kabisa. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mliishi mende. Pikipiki yangu yenyewe iliweza kuendesha kompresa kwa dakika mbili, kisha batri ikalala. Nikawa naomba umeme mtaa kwa mtaa kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko, na bado nilijiona mtu wa kisasa.

Ndipo wakaja madaktari wa macho. Walikaa hospitalini Baraka kwa siku chache, na habari ikaenea kwamba orodha ya kupasuliwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Jumamosi wanafungua bandeji, wanapanda boti, wanaondoka. Hakuna aliyejua watarudi lini.

Mama-mkwe wangu alikuwa Fizi, juu kule mlimani. Mke wangu alipoenda kumsalimu mara ya mwisho, alimkuta anamimina chai pembeni ya kikombe. Sasa mke wangu alikuwa amejifungua, mtoto wetu ana majuma mawili, hawezi kusafiri. Alinitazama Alhamisi jioni akasema, “Kama mama hafiki kesho mbele ya saa sita, huyu mutoto, mama atamushika tu na mikono. Hatamuona hata siku moja.”

Ningeweza kutuma mwendesha pikipiki wa kukodi, mtu mwenye pine nzima. Mke wangu alipendekeza hivyo hivyo. Nilikataa. Nitasema ukweli, maana sasa hauna madhara tena: nilitaka isemwe Fizi na Baraka kwamba mkwe ndiye aliyemleta, na kwamba pine ilipoleta matata njiani, mkwe alitoa mashine yake kwenye kifuko na watu wakashangaa.

Kwetu, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini kidogo, mwingine anapita. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa mimi nimefika Fizi saa moja na nusu asubuhi kumpakia mama-mkwe nyuma yangu kwenye kiti kimoja. Familia ilikaa kikao. Kaka yake mkubwa, mzee mwenye haraka kuliko wote, akakata shauri: katikati yetu uwekwe mfuko wa unga wa muhogo, ili mgongo usiguse kifua, na mama apakate kuku aliyekuwa anampelekea mzazi. “Mukiwa na neno,” akasema, “mutaambia kuku.”

Tukaondoka saa mbili. Sijawahi kuendesha pikipiki huku nimekaa wima namna ile. Mfuko wa unga ulinisukuma mpaka kwenye tangi la mafuta. Baada ya muda nikasikia sauti nyuma ya mfuko.

“We kuku, uambie uyu muntu apunguze mbio. Kwenye mashimo naumia mugongo.”

“Kuku,” nikajibu mbele, “umuambie mama, nimesikia.”

Tulikuwa bado hatujafika nusu ya njia nilipohisi pikipiki inayumba nyuma. Pine ilikuwa imelala. Uzito wa watu wawili na mfuko ulikuwa umemaliza upepo wa siku nzima kwa muda mfupi tu. Sikuhangaika hata kidogo. Kusema kweli, nilifurahi. Nilimwomba kuku amwombe mama ashuke, nikafunua kiti, nikabana vibanio kwenye batri ya pikipiki. Kompresa ikanguruma. Mama-mkwe alisimama kando ya barabara, uso ameuelekeza mlimani, amemkumbatia kuku.

“Ile kitu iko nalia sana,” akamwambia kuku.

“Ni mashine ya kutia upepo,” nikamfahamisha kuku. “Ni ya kisasa.”

Batri ikalala baada ya dakika mbili, kama kawaida yake. Nilipiga mguu, injini ikawaka, tukapata kilometa chache. Pine ikalala tena.

Safari hii ilikuja jipu ya shirika moja, nyeupe, yenye antena ndefu, inapanda kuelekea Fizi. Nikapunga mkono. Dereva alisimama, akasikiliza, akanieleza kwamba kanuni zinamkataza kupakia mtu asiye wa shirika. Nikamwambia sitaki kupakiwa, nataka umeme tu. Hilo halikuwa kwenye kanuni. Alifikiri sana. Mwishowe akaniruhusu nichomeke waya, mradi mimi nibaki nje na mkono wangu tu uingie dirishani. Kompresa ilifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Nilimtazama mama-mkwe kwa pembe ya jicho kuona kama anasikia uzuri huo. Kisha redio ya jipu ikaita, na dereva akachomoa waya. “Pole mwalimu. Tukisimama kupita dakika tano, lazima nifanye ripoti.” Pine ilikuwa imejaa nusu tu, na nusu iliyobaki haikuwa kwenye kanuni.

Nusu hiyo ikatufikisha pahali ambapo barabara inateremka na unaanza kuona ziwa. Nilimwambia kuku kwamba ziwa linaonekana. Mama-mkwe akasema, “Kwangu haionekane, kuku. Lakini nasikia baridi yake.” Ilikuwa saa nne imepita. Hapo ndipo nilianza kuogopa, na hapo ndipo pine ilipolala mara ya tatu.

Lori lilikuwa limesimama pale pale, linapoza injini, limetoka Baraka linaelekea Lulimba na magunia ya chumvi na watu juu yake. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu juani. Alinifungulia sanduku la batri bila hata kuuliza maswali. Mle ndani zilikuwa batri mbili kubwa, zimeunganishwa kwa kipande cha waya mnene.

“Shika ku moya tu, mwalimu,” akasema. “Kichwa na mukia ya batri moya.”

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nachora ubaoni batri mbili zilizopangwa mstari mmoja na kuwauliza wanafunzi nguvu yake itakuwa ngapi. Kila mwaka yupo asiyejua, nami namkalisha chini kwa maneno makali. Pale, mbele ya abiria thelathini waliokuwa wanachungulia kutoka juu ya magunia, nilikuwa nikiwaza saa, na ziwa, na jinsi nitakavyosimuliwa. Nikamjibu dereva, “Mi ndiye nafundisha hii kitu.” Nikabana chekundu mwanzo wa batri ya kwanza, cheusi mwisho wa batri ya pili.

Kompresa haijawahi kufanya kazi namna ile. Ilipiga kelele nyembamba, sindano ya kipimo ikaruka, pine ikaanza kujaa machoni petu, na abiria wakasema “aaah” kwa pamoja. Nilisimama nimeweka mikono kiunoni. Raha hiyo ilidumu kama muda wa kusema Baba Yetu, tena bila kufika amina. Kisha moshi mweupe ukatoka, harufu ya plastiki ikafuata, na kukawa kimya.

Dereva wa lori hakunicheka. Alitazama vibanio vyangu, akatazama batri zake, akasema kwa upole, “Ulishika ku mbili. Umeme ikaingia mara mbili.” Kisha akaondoka na umeme wake, abiria wakinipungia mikono.

Pine ilikuwa imejaa vya kutosha kunitania. Tulienda kidogo, ikalala moja kwa moja, na mpira wa ndani ukakatika. Zilibaki kama kilometa nne. Pikipiki iliyotupita ilikuwa na watu watatu na mbuzi. Nikaiacha yetu kwenye nyumba moja kando ya njia pamoja na mfuko wa unga. Nikasimama barabarani mbele ya mwanamke asiyeona, ambaye siruhusiwi kumshika mkono, na saa inakimbia. Niliona aibu mpaka masikioni, na safari hii haikuwa aibu ya ukwe.

Nilikata fimbo majanini, ikavunjika. Ndipo nikautoa waya wa kompresa kwenye kifuko. Nikaweka ncha moja mkononi mwa kuku, yaani karibu na mkono wa mama, naye akaipapasa akaishika. Mimi nikashika ncha nyingine, nikatangulia na kompresa iliyoungua begani. Mita tatu za heshima. Kwenye jiwe nilivuta kidogo mara mbili, kwenye shimo mara tatu, naye akajifunza haraka kuliko darasa langu lolote.

Hatukuongea sana. Mara moja tu alisema, “Kuku, uambie huyu muntu, asilie. Tutafika.” Sikujua kwamba nalia kwa sauti.

Tulifika hospitalini saa sita kasoro kidogo. Muuguzi alikuwa anaweka kalamu mfukoni. Alitazama vumbi letu, akatazama ule waya, akaitoa kalamu tena na kuandika jina la mwisho kwenye orodha.

Daktari alimmulika macho yote mawili. La kushoto, akasema, ni mtoto wa jicho, litapasuliwa leo, litaona. La kulia limeshakufa ndani, hakuna la kufanya. Kisha akanigeukia, bila ukali. “Hili la kulia lilianza zamani, labda miaka miwili. Lilikuwa linaonekana jeupe kabisa. Hamkuliona?”

Nikamjibu kwamba mimi ni mkwe wake, simwangalii usoni. Akaendelea kuandika.

Lakini nilikuwa nimeliona, kwa namna yangu. Kwa muda wa miaka miwili nilipoingia Fizi, mama-mkwe alikuwa haondoki njiani tena. Hakujifunika kitenge. Aliacha uso wake wazi, umeelekea kwangu. Nami nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwa majivuno, “Mama yako amenizoea sasa, ananichukua kama mutoto wake.” Mke wangu alifurahi. Sote wawili tulifurahi, na jicho likaendelea kufa.

Jumamosi asubuhi walifungua bandeji. Mke wangu alikuwa amekuja na mtoto, amekaa kitandani. Mimi nilisimama mlangoni, wazi kabisa, kama nilivyozoea. Mama-mkwe alifumba, akafumbua, machozi yakamtoka kwa mwanga. Alitazama dirisha. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamgusa pua, akasema, “Ni pua ya baba yangu.” Kisha akainua uso, akaniona mlangoni.

Akavuta kitenge upesi, akajifunika kichwa, akageukia ukutani. “Binti,” akasema kutoka ndani ya kitambaa, “ambia bwana yako atoke. Hana haya?”

Nilitoka. Nilisimama uani pa hospitali, mgongo ukutani, nikalia waziwazi mbele ya watu waliokuwa wanangoja bandeji zao.