Gitaa Jekundu Uchagani

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilifika Laela. Basi likisimama tu, vijana wanashuka na mabeseni, viatu vya mtumba, saa zinazokimbia kuliko jua, na siku moja, chini ya rundo la makoti, gitaa la umeme, jekundu. Mimi nilikuwa nimepeleka mahindi kuuza. Nilirudi nyumbani bila mahindi na bila sukari niliyotumwa, ila na gitaa. Mama alilitazama, akaliita "hicho kibao," akaingia jikoni. Baba alishafariki, tulibaki wawili tu, kwa hiyo mama akininunia, nyumba nzima imeninunia.

Na jamani, lilikuwa gitaa bovu! Nyuzi zilikaa mbali na shingo, panya angepita chini yake bila kuinama. Ukilikaza, linalegea. Ukilichomeka kwenye spika kwa fundi redio, linavuma hata kabla hujaligusa. Lakini mjini Sumbawanga kulikuwa na bendi, na mpiga solo wao alikuwa amehamia Mbeya. Kiongozi wao, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliniambia, "Njoo Jumapili mchana na chombo chako. Ukimaliza wimbo mmoja bila kusimama kukaza nyuzi, nafasi ni yako. Tunateremka ziwani, Kasanga, halafu Kabwe, wavuvi wana hamu ya muziki. Ila uwe na ruhusa ya mama yako. Sitaki mzazi wa mtu anifuate stendi."

Hapo ndipo penye kazi. Mama alikuwa na msimamo wake: gitaa la kwaya analijua, lakini la kuchomeka ukutani ni la walevi. Nami bila baraka yake nisingeondoka. Nina mdomo mrefu, lakini si wa kumwambia mama "naenda" akanyamaza, halafu nikaenda.

Nikaanza na gitaa, maana hilo angalau halininunii. Majirani zetu wafugaji, waliotoka Usukumani na ng'ombe wao, walikuwa wamechinja. Nikaomba mfupa wa paja. Walicheka sana, wakadhani nimepata mbwa. Nikauchonga kwa tupa, nikatoa kile kijipande cha plastiki kinachobeba nyuzi juu ya shingo, nikaweka mfupa. Sauti ikapata uti wa mgongo. Kisha nikaokota pakiti tupu za sigara nje ya baa, nikabandua zile karatasi zinazong'aa, nikazibandika ndani ya tumbo la gitaa. Fundi redio akalehemu waya mmoja kutoka kwenye karatasi zile, na ule mvumo ukakoma. Nilimkumbatia, akaniambia niondoe mikono, ana mke.

Ikabaki shingo. Asubuhi ya baridi imenyooka, mchana imepinda. Nikamlalamikia mama, hata sikutegemea jibu. "Ubao wenyewe mbichi, mama. Una unyevu, mwisho fukusi wataingia." Akaendelea kuchochea moto.

Kesho yake nikaenda mjini kutafuta nyuzi mpya. Kurudi, gitaa halipo! Nikatafuta chini ya kitanda, ghalani, hadi bandani kwa kuku. Nilipoingia jikoni kuuliza, nikainua macho. Kwetu Ufipa mahindi ya mbegu hukaa kwenye uchaga juu ya moto, moshi uwafukuze fukusi. Gitaa langu lilikuwa limelala huko katikati ya mahindi, na chini yake mama alikuwa ameshinda akipika pombe ya ulezi.

"Mama! Umeniua!"

Nililiteremsha huku nafoka. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge, kitufe cha sauti kimeyeyuka, na ubao ulikuwa umesinyaa mpaka vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo vimetokeza pembeni, vinakwaruza vidole. Niliropoka mengi. Mama aligeuka na mwiko mkononi.

"Usinipigie kelele jikoni kwangu. Pale juu naweka mbegu. Umewahi kuniona naweka takataka pale?"

Hasira zikaniishia palepale. Siku zote nilidhani anasubiri kile kibao kife kifo chake. Nikamwomba maji ya kunywa.

Vyuma nilivisugua kwa tupa vikakaa sawa, na shingo haikupinda tena. Jumapili nilipolitoa gitaa kwenye gunia, wanamuziki waliziba pua kwa harufu ya moshi. "Mshikaji, umekuja na gitaa au na samaki wa Kasanga?" Nikapiga. Karibu na mwisho uzi mmoja ulianza kulegea, nikauvuta kwa kidole na kuushikilia hapohapo, jasho linanitoka. Wimbo ukaisha. Kiongozi akakuna tumbo. "Jumanne asubuhi, stendi. Na mama yako?"

Nilimwambia mama jioni ile, akipepeta ulezi. Akajibu, "Nimesikia." Kwa mama, nimesikia haimaanishi ndiyo.

Jumanne aliamka kabla yangu, akafunga kanga, akanifuata hadi stendi ya mjini. Wanamuziki walikuwa wameshapanda lori, wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mama!" Akaitika marahaba, akamgeukia kiongozi.

"Hilo gitaa nimelikausha mwenyewe. Ziwani kuna unyevu. Mkilirudisha limeoza, mtanitambua."

"Tutalitunza, mama."

Akanishika mkono nikiwa nataka kupanda. "Watu wa ziwani watalisikia. Mimi je?"

Nikamwambia halitoi sauti bila umeme, labda mtu abandike sikio kwenye ubao. Nilisema kwa utani tu. Mama akainama palepale stendi, mbele ya wauza karanga na makondakta, akalaza sikio kwenye ubao wenye masizi, akafumba macho. Nikapiga. Dereva akabonyeza honi. Mama, bila kuinua kichwa, akampungia mkono asubiri.