Nilivyomwonea wivu mzee wa pwani katika bustani yetu Tabora, hadi nikalazimika kwenda kwao

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya ninayoyaandika sikuyasikia kwa mtu. Niliyatenda mwenyewe, na sehemu kubwa ni aibu yangu. Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua kwamba mtu akileta habari isiyo na chanzo, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza: "Uliona au uliambiwa?"

Leo zamu ni yangu.

Nilifundisha biolojia miaka mingi, nikastaafu, nikarejea nyumbani Tabora. Kando ya njia ya zamani ya misafara kuna zahanati, na nyuma yake ipo bustani tunayoitunza kwa kujitolea. Wengi wetu ni akina mama. Mwenyekiti ni Bi Nyamizi, ambaye akiita jina lako ukiwa sokoni, unageuka. Kila asubuhi, kabla jembe halijagusa ardhi, alikuwa akiuliza:

"Mwalimu anasemaje?"

Mwalimu ndiye mimi. Kwa mzee aliyestaafu, wakuu, sentensi hiyo ni dawa ya magoti.

Kisha akaja Bwana Shomari.

Ni mtu wa rika langu, kutoka kijiji cha pwani ya kusini. Kimbunga kilimbomolea nyumba na kuikata vichwa minazi yake. Binti yake, muuguzi wa zahanati hiyo, akamchukua aje kukaa naye. Wiki ya pili tu alikuwa bustanini, suruali imekunjwa hadi magotini, akieleza jinsi bahari ilivyoingia jikoni kwake. Akina mama walisimamisha majembe kumsikiliza. Mimi nilipoeleza mzunguko wa naitrojeni, hakuna aliyewahi kusimamisha jembe.

Jambo lililonikata maini ni hili. Mimi kila mche huufunga kwenye kijiti kwa kamba mbili, ya chini na ya juu. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo. Asubuhi moja nikakuta mstari mzima wa mizambarau umefunguliwa.

"Nani kafungua?"

"Mimi, Mwalimu," alijibu Shomari, hata hakuinua kichwa. "Mche usiotikiswa haujui kusimama."

"Umelisoma wapi hilo?"

"Sikulisoma. Limenikuta."

Akina mama wakacheka. Kesho yake Bi Nyamizi akasimama palepale anaposimama siku zote, akauliza: "Bwana Shomari anasemaje?"

Vijana wa humu mnadhani wivu ni wa mapenzi peke yake. Subirini mzeeke. Nilianza kuchukia hata namna alivyokunywa uji. Jioni nilipita kuitazama mizambarau yake nikiiombea ilale, nayo haikulala. Mingine ilizidi ya kwangu unene.

Ndipo kinyozi wangu akaniambia kwamba dereva mmoja alimwambia kwamba huyo Shomari alifukuzwa kijijini kwao kwa kukata mikoko, na kimbunga ni kisingizio tu.

Hesabuni wenyewe vinywa vilivyopita. Mwanafunzi wangu angeniletea ushahidi wa namna hiyo, ningemrudishia daftari lake. Lakini habari hii ilinipendeza, kwa hiyo sikuiuliza hata swali moja.

Kesho yake, wakati wa uji, niliisema mbele ya watu wote. Nikaanza na neno nililolipiga vita maisha yangu yote: "Wanasema..."

Shomari alisikiliza hadi mwisho. Akaenda bombani, akaosha kikombe chake, akakifudikiza kwenye kichanja, akaondoka. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja.

Bi Nyamizi akanijia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Lile la Bwana Shomari. Uliona au uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Basi kaone. Usituambie tena la mche wala la mtu mpaka umeona."

Nikapanda treni. Babu zetu waliitembea njia hiyo kwa miezi na mizigo mabegani. Mimi niliketi kitini nikiwa na mzigo wa kinyongo tu, na bado ulinielemea. Niwe mkweli: sikuwa nimekwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi yake. Kutoka Dar es Salaam nikachukua basi la kusini.

Nilifika maji yamekupwa. Minazi mingi ilisimama haina vichwa, kama nguzo za simu. Chini yake, hata hivyo, machipukizi yalikuwa yameota. Wanawake walikuwa wakifunga upya kamba za mwani, na wengine wakichomeka topeni mbegu za mikoko, ndefu kama kalamu. Nikajitambulisha. Bi Mwanahawa, aliyewaongoza, alinikabidhi fungu la mbegu.

"Hapa mgeni haulizi habari mikono mitupu. Panda kwanza."

Nikapanda. Baada ya mstari mmoja nikaomba vijiti na kamba za kuzifungia. Ufuko mzima ukaangua kicheko.

"Mwalimu wa bara, unaufunga mkoko kamba? Kwani mkoko ni mbuzi?"

Akanieleza kwamba wao pia walianza kwa kufunga. Mawimbi yaliichuna miche kwenye vijiti. Aliyekwenda kuifungua yote ni Shomari.

Nikauliza nililojia. "Ni kweli alikuwa akikata mikoko?"

"Alikata. Sote tulikata, hata nyumba yangu ina boriti za mikoko. Lakini asubuhi ile baada ya kimbunga, wengine tunatafuta mabati yetu, yeye alikuwa topeni anapanda. Nyumba yake imelala nyuma yake. Binti yake alimwondoa hapa kwa kumlilia." Akanitazama. "Kwani huko kwenu hawajamkabidhi bustani?"

Swali hilo nililibeba hadi Tabora.

Nilikwenda kwa binti yake kumwomba Shomari arudi, naye akaja. Wakati wa uji nikasimama, nikawaambia wote kwamba nilisema nisichokiona, kwa sababu ya wivu. Nililitaja neno hilo lenyewe. Kisha nikapita mistari yangu yote nikifungua kamba kwa mkono wangu.

Bi Nyamizi akauliza: "Bwana Shomari anasemaje?"

Shomari akaonyesha upande wangu kwa kikombe. "Muulizeni Mwalimu. Yeye katoka kuona juzi. Mimi yangu yamechakaa."

Wakuu, funzo langu ni hili: uvumi unaokupendeza ndio wa kuuhoji mara mbili, maana huo hauji kukuambia habari, unakuja kukutumikia.

Msidhani nimepona. Mtu yule alinizidi kwa miche, akanizidi kwa watu, na asubuhi ile akanizidi hata kwa kusamehe. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kuwa na wivu wa namna hii atuambie aliutuliza vipi. Ila aandike aliyoyapitia mwenyewe, si ya jirani yake.