Tiki za Safu ya Pombe

Pale shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kalamu Nyekundu, tangu siku alipomwandikia mwalimu mkuu mwenyewe kuwa amechelewa, dakika nne, tena mbele ya mgeni. Alikuwa karani wa mahudhurio. Meza yake ndogo ilikaa karibu na lango, juu yake madaftari kumi na sita, na mbele yake saa ya ukutani aliyoitazama kama wengine wanavyotazama runinga. Ukifika kengele imeshalia, unapata alama nyekundu. Alama tatu kwa muhula, unarudishwa nyumbani ukamlete mzazi. "Huyu mama," walisema walimu, "siku ya kiyama atakaa mlangoni aandike nani kachelewa kufufuka." Naye alicheka nao, maana alipenda kusemwa hivyo. Usimwone mtu mnyoofu ukadhani hajui kuwa ni mnyoofu. Anajua sana, na kujua huko ndiko kunakomponza.

Mumewe alikuwa fundi milango. Makabati hakutengeneza, vitanda hakutengeneza, ni milango tu na fremu zake, katika karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Maneno alikuwa nayo mengi, na utani mwingi zaidi. Pombe aliipenda tangu ujana na hakuwahi kuificha, na mkewe aliizoea kama mtu anavyozoea bomba linalovuja.

Mwaka huo fundi akaanza kuchoka. Anasukuma randa mara tatu, anakaa. Macho yakageuka manjano. Vipimo vikasema ni homa ya ini aina ya C, huenda ilikuwa mwilini tangu alipoongezewa damu akiwa kijana, siku msumeno ulipompitia paja. Daktari alisema dawa ipo, kidonge kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, na wengi hupona. Ila ini lenyewe lilikuwa limeanza kuota makovu, na pombe ingeyaongeza. "Pombe uiweke kando kabisa, mzee." Fundi aliitikia haraka mno. Mkewe aliiona haraka ile.

Kliniki ilikuwa na utaratibu wake. Kila mgonjwa aje na msimamizi, na msimamizi apewe kadi yenye safu mbili: Dawa, na Pombe. Jioni, mgonjwa akimeza, tiki kwenye safu ya kwanza. Asipokunywa pombe siku hiyo, tiki kwenye safu ya pili. Akinywa, alama ya kosa. Sista aliyeiendesha kliniki alianza kueleza kadi ni ya nini, lakini Kalamu Nyekundu hakumsikiliza hadi mwisho. Asikilize nini? Si daftari la mahudhurio hilo! Akajua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba alama ya tatu mgonjwa anarudishwa nyumbani na dawa anapewa mwingine. Hakuna aliyesema hivyo, naye hakuuliza.

Siku kumi na moja zilikwenda salama. Ya kumi na mbili, saa kumi na mbili jioni, fundi aliingia ndani akinuka vanishi, na chini ya vanishi akinuka kitu kingine.

"Umekunywa."

"Kidogo tu, mama watoto. Cha kuondoa uchovu."

"Ini lako lina makovu!"

"Na mimi mwenyewe ninayo mengi. Uliyahesabu?"

Kidonge alikimeza bila ubishi. Mkewe akaweka tiki ya kwanza. Kwenye safu ya pili kalamu ikasimama. Akilini alimwona mumewe akirudishwa langoni kama mtoto, na watu wakitazama. Akaweka tiki. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake ya kwanza, kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Alitafuta chupa nyuma ya mbao, ndani ya kopo la gundi, chini ya vumbi la msumeno, akamwaga. Fundi akanunua nyingine. Mkewe alinuna siku tatu. Alilia. Alimsomea karatasi za kliniki kwa sauti, naye fundi akasema amesoma vizuri sana, angefaa redioni. Kisha siku moja fundi alikwenda baa tangu mchana, na saa ya kidonge ikapita. Alirudi baadaye kidonge kikimsubiri mezani, akakimeza, lakini mkewe alikuwa amekwisha kuona shimo lilipo. Baa ingemchukua na dawa yake pia.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakumwambia hata dada yake. Alipotoka kazini alipita mtaa wa tatu, asikojulikana, akanunua chupa mwenyewe, akaifunga kwenye gazeti na kuitia mkobani kati ya madaftari. Nyumbani akaiweka mezani.

"Unywe hapa nikikuona. Kidonge kwanza, halafu glasi. Glasi mbili, basi."

Fundi aliitazama chupa, akamtazama na yeye. "Umefungua baa, mke wangu?"

Utani huo haukumchekesha. Alimimina akiwa amempa mgongo, uso unamwaka, kama aliyefumaniwa. Lakini mpango ulifanya kazi. Tangu siku hiyo haikupita jioni bila kidonge, saa ile ile, na fundi hakwenda baa tena. Safu ya dawa ilikuwa kweli tupu na safu ya pombe uongo mtupu, na zote mbili zilijaa kwa mwandiko ule ule mzuri. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Alikwenda kazini, akawaandikia watoto wa watu alama nyekundu kwa dakika moja, na kila alipoandika alihisi anachomwa.

Wiki ya sita sista aliishika kadi ile, akaigeuza huku na huku, akaita benchi zima litazame. Alhamisi ya kliniki benchi hujaa, wagonjwa na wasimamizi wao wamebanana. "Jamani, angalieni. Hakuna hata kosa moja! Mama, hebu simama utuambie wenzako mmefanyaje."

Hapo angeweza kusema anaumwa kichwa. Angeweza kusema lolote. Lakini miaka kumi na tisa ya kusifiwa haimtoki mtu mara moja. Miguu ilisimama yenyewe. Akasema mume wake hajagusa pombe tangu siku ya kwanza, kwamba ni nia tu. Watu wakapiga makofi. Fundi alikaa pembeni akitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na utani.

Kwenye kona ya benchi alikaa msusi mmoja kijana na mumewe, dereva wa lori, mwanaume mkubwa aliyevimba tumbo na kukonda mikono. Msusi akainua mkono. "Dada, samahani. Mimi wangu anajitahidi lakini inamshinda. Wewe wako alikubalije?"

Benchi zima lilikuwa linamtazama. Jibu lilimtoka limekwisha kuvaa na kuchana nywele.

"Mwanaume akikupenda, ataacha."

Makofi tena. Msusi aliinamisha kichwa kama aliyepewa dawa ya kumpelekea mgonjwa. Dereva hakupiga makofi.

Kliniki iliyofuata, kona ile ilikuwa tupu. Kalamu Nyekundu ni mtu wa kuona nafasi tupu, hata asipotaka. Akauliza. Sista akasema amempigia simu dereva mara nne, hapokei. Karani akarudi nyumbani na kujiambia labda wamesafiri. Siku ya pili akajiambia hivyo tena. Siku ya tatu, Jumamosi, akaenda saluni.

Msusi alikuwa na mteja kitini, vidole vinakwenda. Alimkaribisha vizuri, akamvutia stuli, na wema ule ulimuumiza kuliko tusi.

"Mbona hamkuja?"

"Tumeshindwa, dada." Hakuacha kusuka. "Siku ile tulipofika nyumbani nilimwambia ulivyosema. Nikamwambia, yule mama mume wake anampenda, ndiyo maana kaacha. Wewe unanipenda? Akanyamaza. Kesho yake akanywa, nikamwambia basi, nimeshaelewa. Ndipo akasema kama ni hivyo hatakwenda tena kunitia aibu mbele za watu. Alichoacha ni dawa, dada. Pombe anayo."

Mteja akaguna, akasema wanaume bwana, wote ni hao hao.

Ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini mteja yule alikuwa mama wa mwanafunzi, alimjua, na Kalamu Nyekundu akajisikia akisema, "Pole, mdogo wangu, Mungu yupo," akatoka. Barabarani alisimama kando ya ukuta wa duka la rangi, akajiona mchafu. Mumewe alikuwa mlevi, hilo lilijulikana, na mlevi hakumdanganya mtu. Mwongo alikuwa yeye.

Jioni hiyo kidonge kilimezwa, glasi zikamiminwa, na kabla fundi hajainua ya kwanza mkewe akasema, "Alhamisi nitamwambia sista ukweli."

Glasi ikarudi mezani. "Utanivua nguo mbele za watu?"

"Nitajivua mimi. Kuna mtu kaacha dawa kwa ajili ya uongo wangu. Yule dereva."

Akamweleza yote. Fundi akawa anafuta meza kwa kiganja, meza ambayo haikuwa na kitu. "Siku ile uliposimama," akasema mwishowe, "nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema moyoni, huyu mke wangu ananionea aibu mpaka kanitengeneza mume mwingine." Usiku ule walilala wamepeana migongo, na wote wawili walikuwa macho.

Alhamisi walikwenda pamoja. Karani aliweka kadi mbele ya sista na kusema mfululizo, bila kupumua: kwamba safu ya pombe si ya kweli, kwamba chupa ananunua yeye, kwamba alihofia mumewe atanyang'anywa dawa, kwamba dereva ameacha dawa kwa sababu ya uongo huo. Alisubiri kufukuzwa.

Sista alivua miwani. "Nani alikuambia anayekunywa ananyang'anywa?"

"Si... alama zikifika tatu?"

"Alama tatu za nini, mama? Hapa ni shule? Nusu ya benchi hili wanakunywa. Kadi ni ili tujue nani anahitaji kusaidiwa. Huyu baba tungemkutanisha na mshauri tangu wiki ya pili, ini lake tungelitazama kwa karibu zaidi, na kupunguza pombe kungepangwa na watu wanaojua. Wewe umebeba peke yako, na umebeba vibaya." Akamgeukia fundi. "Unameza kila siku?"

"Kila siku, sista. Huyu haniachi."

"Basi hapo alifanya kazi. Leo mnaonana na daktari." Kisha akamtazama tena Kalamu Nyekundu. "Na dereva?"

"Ninakwenda sasa hivi."

"Mwambie aje leo leo. Kakosa siku nyingi, itabidi apimwe upya ndipo daktari aamue. Kliniki tunafunga saa tisa."

Fundi akasema daktari atamwona akirudi, akasimama naye. "Mlevi ni mimi. Siwezi kukaa hapa wewe ukaniombee msamaha mtaani."

Dereva na mkewe waliishi chumba cha nyuma ya saluni. Walimkuta kitandani, mto mgongoni, redio imezimwa. Msusi aliwafuata na chanuo mkononi, amemwacha mteja na nusu kichwa. Hakukuwa na mahali pa kukaa, na ilikuwa vizuri hivyo, maana jambo lile lilikuwa la kusemwa kwa kusimama.

"Shemeji," karani alisema, "nilidanganya. Mume wangu hajaacha. Anakunywa hadi leo."

Dereva alimtazama fundi kwa muda mrefu, juu hadi chini. "Jana umekunywa?"

"Glasi mbili," fundi akasema.

"Na kidonge?"

"Kidonge kwanza."

"Hawakukufukuza?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Wanasema nusu ya benchi wanakunywa."

Dereva alifumba macho. Tumbo lake lilipanda na kushuka. "Mimi nilijua niko peke yangu," akasema. Kisha, akiwa bado amefumba, akamwuliza mkewe, "Si uliniambia wanaume wengine wanapenda wake zao?"

Aliyejibu ni Kalamu Nyekundu, na sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye hakuitambua. "Maneno hayo ni yangu. Nilisema ili nipigiwe makofi."

Msusi aligeuka. Hakupiga kelele; angepiga ingekuwa afadhali.

"Dada, mimi nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshindwa. Ungesema tu kwamba na wewe hujui."

"Nisamehe, mdogo wangu. Sista anasema aje leo leo, wanafunga saa tisa."

Msusi aliweka chanuo juu ya kabati, akapiga magoti, akaanza kumtafutia mumewe viatu chini ya kitanda, maana ilikuwa saa nane na robo.